Namna ya Kulinganisha Programu za Kingavirusi kwa Haki na kwa Ushahidi

Anayetafuta programu ya kingavirusi hukutana na sifa nyingi kabla ya kukutana na ushahidi. Yupo atakayesema ametumia programu fulani kwa miaka mingi na hajawahi kupata kirusi, na yupo atakayesema programu hiyohiyo iliacha kompyuta yake ishambuliwe mchana kweupe. Kauli zote mbili zinaweza kuwa za kweli na bado zisimfae msomaji, kwa kuwa ya kwanza haisemi mtu huyo alikumbana na programu hasidi mara ngapi, wala haiwezi kuihesabu ile iliyopenya kimyakimya pasipo kuonekana, na ya pili haisemi kama programu nyingine ingelizuia shambulio lilelile. Ulinganisho wa haki huzikabili programu zote kwa jambo moja, kwa wakati mmoja na katika mazingira yanayofanana, kisha huhesabu matokeo kwa kanuni iliyoandikwa kabla ya yeyote kujua nani atashinda.

Sehemu ya kazi hiyo inafaa kuachiwa maabara. Sehemu nyingine mtu wa kawaida anaweza kuifanya mwenyewe, tena pengine kwa manufaa zaidi kuliko maabara, kwa sababu kompyuta itakayobeba mzigo wa programu hiyo ni yake.

Kanuni kwanza, namba baadaye

Kabla ya kufungua ripoti yoyote, andika unachotaka kupima na uzito wa kila kipimo. Mambo makuu ni matatu: programu inazuia mashambulizi kwa kiwango gani, inazituhumu bure faili salama mara ngapi, na inaipunguzia kompyuta kasi kiasi gani. Mwenye kompyuta ya zamani atalizingatia zaidi jambo la tatu. Anayesimamia kompyuta za ofisi nzima atahofia zaidi la pili, kwa sababu tahadhari moja ya uongo inaweza kusimamisha kazi ya watu wote kwa pamoja. Uzito ukipangwa baada ya namba kuonekana, mkono huelekea wenyewe kwenye programu ambayo moyo ulishaichagua, na jaribio hugeuka kuwa utetezi.

Andika pia, bila mkato, ni nini hasa kinacholinganishwa: jina la programu, toleo lake, kama ni la bure au la kulipia, tarehe ya sasisho la mwisho, na mfumo endeshi wa kompyuta. Toleo la bure la kampuni moja likiwekwa kando ya toleo la kulipia la kampuni nyingine, hutajua kama tofauti imeletwa na ustadi wa watengenezaji au na malipo. Tena, si kila programu ina injini yake yenyewe, yaani ile sehemu ya ndani inayotambua virusi. Injini ya Bitdefender, kwa mfano, hutumika chini ya leseni ndani ya programu za kampuni nyingine kadhaa, na baada ya Avast kuinunua AVG mwaka 2016 programu hizo mbili zilianza kutumia injini moja ya utambuzi. Ndiyo maana orodha ndefu ya washindani inaweza kuwa fupi zaidi kuliko inavyoonekana, na programu mbili zenye majina tofauti zikipata alama zinazokaribiana, huenda umepima kitu kimoja mara mbili.

Sampuli ndizo zinazoamua

Hakuna sehemu ya jaribio yenye mitego mingi kama uteuzi wa sampuli, yaani programu hasidi zinazotumika kupimia. Swali la kwanza ni zimetoka wapi. Zikitoka kwa kampuni mojawapo inayopimwa, kampuni hiyo itafaulu bila jasho, kwa kuwa sampuli hizo ni zile ilizokwisha kuzikamata. Swali la pili ni umri wake. Mkusanyiko wa faili hasidi za miaka iliyopita hupima jinsi programu inavyokumbuka mambo yanayojulikana, wala hausemi lolote kuhusu shambulio lililotengenezwa leo asubuhi. Swali la tatu, ambalo wapimaji wa mitaani hulisahau kabisa, ni uzima wake. Mikusanyiko inayozagaa mtandaoni huwa na faili zilizoharibika zisizoweza hata kuendeshwa, pamoja na faili salama zilizochanganyika kwa bahati mbaya. Programu inayozinyamazia faili kama hizo iko sahihi, ila mpimaji asiyezihakiki ataihesabia kosa. Maabara makini huendesha kwanza kila sampuli kwenye kompyuta isiyo na ulinzi na kuthibitisha kwamba kweli inaleta madhara.

Kisha kuna namna ya kuzitumia. Kuskani folda iliyojaa sampuli zilizolala ni kazi nyepesi, na ndiyo maana video nyingi za majaribio hufanya hivyo. Lakini programu za siku hizi hulinda kwa tabaka: huzuia anwani hatari kwenye kivinjari, huchunguza faili inapopakuliwa, huiuliza seva ya kampuni kama faili hiyo inajulikana, na huitazama tabia yake inapoanza kufanya kazi. Kuskani folda hugusa tabaka moja au mawili tu, na programu inayotegemea zaidi uchunguzi wa tabia itaonekana dhaifu ilhali katika matumizi ya kila siku ingezuia shambulio hilohilo sekunde chache baadaye. Jaribio linalofanana na maisha hufuata njia ya shambulio tangu mwanzo: kiungo kinafunguliwa, faili inapakuliwa, inaendeshwa, na mwishoni kompyuta inakaguliwa kuona ni nini kilichobadilika.

Kwa sababu hiyohiyo, matokeo ya VirusTotal hayafai kulinganishia programu. Huduma hiyo, iliyoanza mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012, hupitisha faili moja kwenye injini nyingi kwa mkupuo, na ni msaada mkubwa kwa anayeitilia shaka faili fulani. Hata hivyo, injini zilizomo humo si lazima zifanane na programu ambayo mtu anaisakinisha nyumbani. Baadhi ni matoleo ya mstari wa amri, yaani yanayoendeshwa kwa amri za maandishi bila dirisha la kubofya, baadhi zina mipangilio mikali zaidi, na tabaka la kuchunguza tabia mara nyingi halimo. Wenye huduma wenyewe wameonya kwamba haikuundwa kwa ulinganisho wa aina hiyo.

Wakati nao ni sehemu ya sampuli. Kiungo hatari kinaweza kuzimwa ndani ya saa chache, na seva za kampuni hujifunza kadiri siku inavyosonga. Programu iliyopimwa asubuhi ilikutana na shambulio likiwa bado geni. Iliyopimwa jioni kwa faili ileile huenda ilikutana na jambo ambalo dunia nzima imekwisha kulijua. Programu zote zipimwe kwa pamoja, kila moja kwenye kompyuta yake, zikiwa na intaneti, zikiwa zimesasishwa, na zikiwa na mipangilio zinayokuja nayo, kwa kuwa watumiaji wengi hawaigusi mipangilio hiyo hata siku moja. Pale programu inapomuuliza mtumiaji kama aendelee au asiendelee, jibu hilo lisihesabiwe kuwa ushindi wala kushindwa. Maabara ya AV-Comparatives huliweka katika kundi lake la matokeo yanayomtegemea mtumiaji, na huo ni utaratibu wa kuigwa.

Tofauti ya asilimia nusu

Tuseme programu A imezuia mashambulizi 398 kati ya 400, na programu B imezuia 396. Kwenye tangazo itaandikwa asilimia 99.5 dhidi ya asilimia 99, na mchoro wa nguzo ulioanzishwa kwenye asilimia 98 badala ya sifuri utaifanya A ionekane ndefu mara moja na nusu kuliko B. Sasa tazama namba zenyewe. Kama sampuli zilizoishinda A si zilezile zilizoishinda B, programu hizo mbili zimetofautiana kwenye sampuli 6 tu kati ya 400: mara 4 A ilikuwa bora, mara 2 B ilikuwa bora. Rusha sarafu mara 6, na mgawanyo wa 4 kwa 2, au ulioegemea upande mmoja zaidi ya huo, utatokea katika njia 44 kati ya 64 zinazowezekana. Matokeo ambayo sarafu inaweza kuyaleta mara mbili kati ya tatu hayawezi kuwa ushahidi wa ubora wa mtu yeyote.

Kanuni ya kufuata ni hii: programu zikipimwa kwa sampuli zilezile, hesabu zile tu ambazo zilitofautiana, maana sampuli iliyozuiwa na zote mbili, au iliyozipenya zote mbili, haisemi lolote kuhusu nani ni bora. Kama tofauti zingekuwa 15, na A ikashinda 12 dhidi ya 3, mgawanyo wa namna hiyo kwa bahati tu ungetokea takriban mara 35 kati ya 1,000, na hapo mtu anaweza kuanza kuzungumza. Ripoti isiyotoa idadi ya sampuli, ikatoa asilimia peke yake, haiwezi kuhakikiwa kwa njia hii, nami huiweka kando bila kusita.

Asilimia 100 nayo inahitaji kusomwa kwa makini. Programu ikizuia mashambulizi yote 300 iliyopewa, hesabu ya kawaida ya takwimu inaruhusu kiwango chake halisi cha kushindwa kifike karibu asilimia 1, kwa kuwa kikomo hicho hukadiriwa kwa kugawa 3 kwa idadi ya majaribio. Mtafiti wa kompyuta Fred Cohen alithibitisha tangu miaka ya 1980 kwamba hakuna programu inayoweza kuvitambua virusi vyote bila kukosea, kwa hiyo asilimia 100 ni habari ya jaribio moja na haiwezi kuwa ahadi ya kesho. Kinachosaidia ni kusoma mfululizo wa ripoti za mwaka mzima au miwili. Programu iliyokaa kundi la juu mara zote ina ushahidi mzito kuliko iliyoshika nafasi ya kwanza mwezi mmoja na kuporomoka uliofuata.

Tahadhari za uongo

Hii ndiyo safu ninayoisoma kwanza katika ripoti yoyote. Programu inayozuia kila kitu itapata alama kamili ya ulinzi, na haitatumika hata kwa siku moja. Mtumiaji wa kawaida hufungua faili salama nyingi mno kabla ya kukutana na moja iliyo hatari. Tukichukulia kwamba ni 1,000 kwa 1, programu inayokosea kwa asilimia 1 tu ya faili salama itampa tahadhari 10 za uongo kwa kila moja ya kweli, na kabla hajafikia ile ya kweli atakuwa amezoea kubofya kitufe cha kuruhusu bila kusoma. Hapo ulinzi ulioandikwa kwenye ripoti umekwisha kufa mikononi mwa mtumiaji.

Madhara yake hufika mbali. Tarehe 21 Aprili 2010, sasisho la kingavirusi ya McAfee liliitambua kimakosa svchost.exe, faili halali ya Windows XP, kuwa ni kirusi, na kompyuta nyingi za ofisi zikaanza kujizima na kujiwasha pasipo kikomo au kupoteza mtandao. Hakuna mshambuliaji aliyehusika. Tuzo ya VB100 ya jarida la Virus Bulletin, iliyoanza mwaka 1998, ililizingatia jambo hili mapema: ili kuipata, programu ilipaswa kuzitambua sampuli zote zilizokuwa zikienea na wakati huohuo isiituhumu hata faili moja salama.

Usikubali hata hivyo idadi tupu. Kuituhumu programu ndogo inayotumiwa na watu wachache duniani si sawa na kufuta faili ya mfumo endeshi. Ripoti nzuri hueleza faili zilizotuhumiwa zimeenea kiasi gani.

Kuwasoma wapimaji

Maabara zinazojulikana zaidi ni AV-TEST ya Magdeburg nchini Ujerumani, AV-Comparatives ya Innsbruck nchini Austria, na SE Labs ya Uingereza. Kila moja ina mizani yake. AV-TEST hutoa hadi alama 6 kwa ulinzi, 6 kwa kasi na 6 kwa urahisi wa matumizi, ambamo tahadhari za uongo huhesabiwa. Jumla ni 18. SE Labs hutofautisha shambulio lililozuiwa mlangoni na lile lililoingia kisha likaondolewa, na hutoa adhabu kubwa pale kompyuta ilipotekwa. Kwa sababu mizani hazifanani, usichukue alama za maabara mbili ukazijumlisha. Linganisha programu ndani ya maabara moja, kisha uangalie kama maabara nyingine, kwa njia yake, imefikia hitimisho linaloelekea upande uleule.

Uliza pia nani amelipa. Kampuni nyingi hulipia kushiriki katika majaribio, na malipo hayo peke yake hayathibitishi udanganyifu, kwa sababu kazi ya maabara ina gharama. La kutazamwa ni kama kampuni iliruhusiwa kuchagua sampuli, kupendekeza mbinu, au kujiondoa baada ya kuona matokeo. Shirika la AMTSO liliundwa mwaka 2008 ili kuweka viwango vya majaribio haya, na ripoti inayofuata viwango vyake hutangaza mpango wa jaribio na masharti ya ushiriki. Jaribio lililoagizwa na kampuni moja ili kujilinganisha na wapinzani wake linastahili kusomwa kama tangazo, mpaka lithibitishe vinginevyo.

Hata maabara makini zimewahi kuchezewa. Mwaka 2015 AV-TEST, AV-Comparatives na Virus Bulletin zilitangaza kwa pamoja kwamba zimeinyang'anya kampuni ya Qihoo 360 tuzo zake za mwaka huo, baada ya kubainika kwamba toleo lililopelekwa kupimwa lilikuwa limewashiwa injini ya Bitdefender, ilhali watumiaji wake wengi walipewa toleo ambalo injini hiyo ilizimwa. Kisa hicho kinatoa swali la kuuliza daima: je, programu iliyopimwa ndiyo ileile nitakayoipakua? Maabara inayojipakulia programu yenyewe kutoka tovuti ya umma, kama mteja yeyote, imekwisha kulijibu.

Yapo mambo ambayo vipimo hivi havigusi. Mwaka 2020 Avast iliifunga kampuni yake tanzu ya Jumpshot, iliyokuwa ikiuza data za matembezi ya watumiaji mtandaoni, na mwaka 2024 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ikaitoza Avast dola milioni 16.5. Alama za ulinzi hazingeweza kumwonya mtumiaji juu ya hilo. Sera ya faragha husomwa kivyake.

Unachoweza kupima mwenyewe

Usipakue programu hasidi za kweli kwa ajili ya kujaribu. Zile zinazofunga faili na kudai kikombozi huweza kuvuka kwenye folda za pamoja na kufika kompyuta nyingine za nyumba au ofisi, na kujificha ndani ya kompyuta pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya ile halisi, hakutoshi, kwa sababu baadhi ya programu hasidi hutambua mazingira hayo na kukataa kufanya kazi. Utapata hatari na usipate ushahidi.

Kuhakikisha tu kwamba ulinzi umewashwa, tumia faili ya EICAR, mstari wa herufi na alama 68 ambao watengenezaji wa kingavirusi walikubaliana kuutambua kana kwamba ni kirusi, ingawa hauna madhara yoyote. Ipakue, ihifadhi kwenye diski ya USB, ibane ndani ya faili nyingine, na uandike ni hatua gani iliyozuiwa. Programu isiyoigusa mpaka ifunguliwe kutoka kwenye faili iliyobanwa haina kosa, maana kilichobanwa hakiwezi kuendeshwa. Na programu inayoitambua haijathibitisha ubora wowote. Imethibitisha kwamba iko macho.

Kasi ndiyo uwanja wako hasa. Tayarisha kazi chache unazozifanya kweli: kunakili folda yenye maelfu ya faili mchanganyiko, kubana folda hiyo, kusakinisha programu moja kubwa, kufungua hati nzito. Tengeneza nakala kamili ya diski ikiwa safi, na uirudishe kabla ya kusakinisha kila programu, kwa sababu uondoaji wa kawaida huacha mabaki, na kingavirusi mbili zikiwa pamoja hugombana. Baada ya kuwasha kompyuta, isubiri itulie. Zuia masasisho ya Windows yasianze katikati. Kompyuta ya mkononi iwe kwenye umeme muda wote. Acha hati ndogo ya amri, yaani faili fupi ya maagizo ambayo kompyuta huyatekeleza yenyewe, ipime muda badala ya kidole chako na saa.

Kipimo cha msingi, yaani kasi ya kompyuta kabla ya kusakinisha programu unayoipima, kina mtego wake. Kompyuta ya Windows ambayo hujaisakinishia kingavirusi si kompyuta isiyo na kingavirusi, kwa kuwa Microsoft Defender imo na inafanya kazi, nayo hujiweka pembeni pale programu nyingine inapoingia. Usipoikumbuka, utasema programu fulani haipunguzi kasi hata kidogo, kumbe umeilinganisha na mshindani wake. Ihesabu Defender kuwa mmoja wa washindani.

Rudia kila kazi mara kadhaa, na mzunguko wa kwanza uuandike kando, maana programu nyingi huzikumbuka faili zilizokwisha kukaguliwa na mizunguko inayofuata huwa myepesi. Kisha chukua namba ya katikati badala ya wastani. Tuseme kunakili folda kumechukua sekunde 41, 42, 40, 58 na 41: wastani ni 44.4, lakini namba ya katikati ni 41, na ile 58 yaelekea ni shughuli nyingine iliyojitokeza nyuma ya pazia. Usiifute, iandike pamoja na nyingine. Ikiwa tofauti kati ya programu mbili ni ndogo kuliko mtawanyiko wa vipimo vya programu moja, ziandike kuwa zimelingana.

Tahadhari za uongo pia zinapimika nyumbani bila hatari. Kusanya programu halali unazozitumia, uzipakue kutoka tovuti za watengenezaji wenyewe, na uongeze zana ndogondogo za watengenezaji wasiojulikana sana, kwa kuwa mifumo inayotegemea sifa ya faili, yaani jinsi inavyojulikana kwa watumiaji wengine, hukosea zaidi hapo. Andika kila tahadhari pamoja na ilichofanya programu: iliuliza, ilizuia, au ilifuta bila kusema.

Mwishoni weka matokeo yako kando ya yale ya maabara na uyapime kwa uzito ulioandika mwanzo. Mara nyingi utabaki na programu tatu au nne zisizotofautiana kwa ulinzi, na uamuzi utatolewa na kasi, tahadhari za uongo, faragha na bei ya mwaka wa pili, ambayo mara nyingi huwa juu kuliko ya mwaka wa kwanza. Tunza nakala ya diski, hati ya amri na jedwali la namba, kwani toleo kubwa jipya likitoka vipimo vya zamani havitaihusu tena programu uliyonayo.